Daktari wa Chumba cha Tatu

Kipandauso hakipigi hodi. Jumamosi moja jioni kilinikuta ukumbini, kikaingilia jicho la kushoto na kuanza kutwanga kisamvu humo ndani. Mwanga wa taa ukawa kama msumari. Harufu ya samaki wa kukaanga, niliyokuwa naisubiri tangu mchana, ikanitia kichefuchefu.

Nyumba tuliyopanga ina vyumba sita, kwa hiyo ina madaktari sita. Wa kwanza, mzee mwenye nyumba, alikuja na kichupa cha mafuta ya karafuu kutoka Pemba. "Paka kidogo kwenye panja, mwanangu." Nikapaka, nikasahau, nikafikicha jicho. Kwa dakika kumi kichwa hakikuniuma hata kidogo, maana roho yote ilikuwa jichoni.

Kijana wa chumba cha uani akaleta vidonge vya aina mbili. "Changanya, braza, vikasaidiane." Kwa jicho lililobaki nikasoma pakiti: majina mawili, parasetamoli ileile, miligramu 500 kila kidonge. Mtu mzima hatakiwi kuzidisha vinane ndani ya saa 24, na anayevimeza siku 15 au zaidi kila mwezi, vyenyewe huweza kumletea maumivu ya kichwa. Nikameza viwili vya pakiti moja, nyingine nikamrudishia. Akaondoka ananihurumia, kama mtu aliyekataa pilau.

Mke wangu akanifunga kanga kichwani, akaikaza mpaka nyusi zikapanda. Nikapata afueni! Nikachungulia nje, nikamkuta jirani wa chumba cha tatu ananiletea chai ya tangawizi. Akanitazama usoni. Midomo ikacheza kidogo, kama mtu anayesoma. Akakiweka kikombe sakafuni, akageuka, akaondoka bila neno.

Nikakimbilia kioo. Nilisoma herufi mojamoja kinyumenyume, kama mtoto wa chekechea, zimetandaa kwenye paji langu: MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA.

Jibu lake lilipitia kwenye spika. Singeli! Kisamvu changu kikapata mchi wa pili.

Nilikuwa nimejifunika mto, natubu dhambi hata za utotoni, mara kimya. Umeme umekatika. Spika, feni, friji, taa, vyote vimezima kwa pamoja. Mimi, ambaye umeme ukikatika huwa wa kwanza kusonya, nilinyoosha miguu kitandani na kitambaa cha maji baridi machoni, gizani, nikisikiliza mbu mmoja tu. Kumbe tiba niliyoitafuta nyumba nzima haikuwa ya kupaka wala ya kumeza.

Baada ya saa mbili niliamka kichwa chepesi kama pamba. Nikainywa ile tangawizi, imeshapoa. Nikaivua kanga, nikaikunja maneno yakiwa kwa ndani, nikashika kikombe kwenda kuomba radhi. Sijafika mlangoni kwake, watoto wa mtaa wakapiga kelele: "Umerudiii!"

Mtaa mzima ulishangilia. Nilisonya peke yangu.