Seva Imehama, Barua Hazina Habari

Hongera wakubwa wa ofisi moja hapa Mvara! Mmehamisha huduma ya majina ya kikoa kutoka Windows hadi BIND kwenye Linux, keki ikakatwa, seva kuukuu ikazimwa siku hiyohiyo. Fundi alisihi muda wa kumbukumbu (TTL) ushushwe kwanza, kutoka sekunde 86,400 hadi 300. Akaambiwa ana maneno mengi. Basi seva za Kampala na London, kwa utiifu wao kwa anwani ya zamani, zinashinda zikibisha hodi kwa marehemu. Na ile nukta iliyosahaulika mwishoni mwa jina la seva ya barua? Kwa kuikosa, BIND imeongeza jina la kikoa mara ya pili, barua pepe hazijui ziende wapi. Mkubwa anaulaumu mtandao wa Arua. Fundi naye kaandikiwa onyo kali, kwa barua pepe.