Ijara ya Kucha

Mtu aliyezoea kuketi nyuma ya meza ya ukarani, akijaza hati za forodha na kuzigonga mihuri hata kidole gumba kikaota sugu, aghalabu hadhani kwamba riziki yake iliyosalia imo katika vidole vya watu wengine; lakini kampuni iliyoniajiri ilipoanza kulipa mishahara kwa ahadi, na ahadi zenyewe zikawa hazilipiki, nilishauriana na mke wangu, nikakusanya akiba, nikanunua taa ya jeli, tupa, asetoni, gundi, vichupa vya rangi na beseni la kuoshea miguu, nikafungua baraza ya kucha hapa Magomeni, jijini Dar es Salaam.

Mwanamume kupaka kucha si bidaa katika mji huu, kwani vijana wenye vikapu vya rangi huzunguka Kariakoo kutwa nzima wakigonganisha vichupa ili kina mama wasikie. Kilichowastaajabisha majirani ni mvi zangu na miwani yangu ya kusomea. Maana kijana akishika mguu wa mke wa mtu husemwa kwamba anatafuta maisha, bali mtu wa makamo akiushika huulizwa anatafuta nini. Wako waume waliofuatana na wake zao, wakaketi kwenye benchi kwa sura za mashahidi mahakamani, wasibanduke mpaka rangi ikauke. Na kwa hao mimi husifia jeli kwa ufasaha wote niliojaliwa, kwa kuwa hukauka chini ya taa kwa dakika moja au mbili, ilhali rangi ya kawaida humweka mume barazani kwangu hadi alasiri.

Taa hiyo, hata hivyo, nayo ina bwana wake, na bwana huyo ni Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla. Alasiri moja, bibi harusi mtarajiwa akiwa ametumbukiza mkono, mpangaji mwenzangu tunayechangia naye mita alikuwa chumbani kwake anapiga pasi suruali zake zote, na uniti zikakata roho. Jeli isiyopata mwanga haikauki kamwe. Hunata kama ulimbo wa kunasia ndege. Basi yule binti alikaa ametanua vidole, shangazi yake akimlisha chipsi kinywani, na mke wangu akikimbilia dukani kununua umeme, na katikati ya mashaka hayo simu ya binti ikalia, nami, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na mikono mitupu, nikaishika sikioni pake, nikayasikia kutoka kwa bwana harusi maneno ambayo si stahiki ya fundi kuyasikia. Zile tarakimu 20 za Luku ziliingizwa na mpangaji mwenyewe, kwa sauti kubwa na bila ya kuomba radhi.

Lakini mtihani mkubwa wa kazi hii haumo katika umeme, umo katika fiqhi. Rangi ya kichupa huzuia maji ya udhu yasiifikie kucha. Kwa hiyo mwanamke mwenye kuswali hupaka hina, ambayo hukoleza bila ya kuzuia maji, na rangi huiacha kwa zile siku ambazo sheria imemwondolea swala. Matokeo yake ni kwamba mimi, ambaye zamani siri zangu zote zilikuwa za makontena, leo najua kalenda za nusu ya mtaa, na bibi anayeketi barazani kwangu mchana kweupe amekwisha kutangaza jambo ambalo asingemwambia hata dada yake. Wengine hupitia mlango wa uani. Wengine hunieleza, ghairi ya kuulizwa, kwamba wamekuja kukata tu. Mimi hutazama beseni. Ramadhani ikiingia, rangi hulala, na usiku wa kuamkia Idi kila mkono huenda kwa wapaka hina na piko, fani ya wanawake ambayo sijakaribishwa ndani yake. Nami husugua magaga ya wazee wa kiume, ambao hulipa kwa dua.

Haya yote ni takhfifu ukiyalinganisha na siku aliyofika mama mkwe kutoka Tanga kwa ajili ya harusi ya mjukuu wake, akasema kwamba mji mzima umepakwa kucha na mkwe wake isipokuwa yeye. Mguu wa mama mkwe haushikwi. Mimi hata nikipishana naye ukumbini huvua kofia na kuinama. Baada ya mashauri marefu iliafikiwa kwamba mke wangu ashike tupa, nami niketi nyuma ya pazia na kutoa maagizo. Nikawa nasema, “Mwambie Mama aloweke kwanza,” naye, aliyeketi pima moja tu kutoka kwangu, akawa anajibu, “Mwambie mwenzio maji yamepoa.” Kazi ilikwenda hivyo hadi rangi nyekundu, ambayo mke wangu aliipaka kucha na jirani zake.

“Mwulize fundi,” akasema mama mkwe, “kazi ikiharibika, nimdai mwanangu au nimdai mkwe?”

Nikamtuma mke wangu ajibu, kwa taadhima zote, kwamba fedha ikishapokelewa hairudishwi. Jibu lake lilipenya pazia bila ya mjumbe: yeye hakuwa amekusudia kulipa.