Ukienda Makunduchi, Nenda na Njaa

Asubuhi ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya huko Makunduchi, Unguja, kula kidogo sana. Ukijaza tumbo hotelini kwa mayai na mkate, umeshaiharibu safari kabla hujafika. Watu wa Makunduchi wana itikadi ya tangu enzi kwamba nyumba iliyopitiwa na siku ya Mwaka bila ya mgeni haina heri. Kwa hiyo siku hiyo wewe mgeni una kazi, nayo ni kukaa mkekani na kula. Nauandika mwongozo huu kwa ajili ya wale ambao nimewaona mara nyingi, wa Dar es Salaam na Nairobi sawa na wa Ulaya, wanaofika mchana, wakapiga picha za moto wa sherehe, na moshi haujaisha wameshapanda gari. Hao nitawacheka waziwazi.

Tuanze na tarehe, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Usiulize Mwaka Kogwa ni tarehe ngapi kila mwaka, kwa kuwa hauna tarehe moja. Ni Nairuzi, mwaka mpya wa jua ambao watu wa pwani wameurithi pamoja na jina lake la Kiajemi. Mwaka huo una siku 365 kamili: miongo 36 ya siku kumikumi, na siku 5 za mwisho ziitwazo gatha. Kalenda hiyo haina mwaka mrefu. Basi takriban kila baada ya miaka 4 Mwaka Kogwa hutangulia kwa siku moja katika kalenda ya ukutani, na siku hizi huangukia mwezi wa Julai. Manahodha waliihesabu miongo hiyo wajue lini kaskazi itapoa na lini kusi itaingia. Wakulima nao waliihesabu wajue lini wapande. Kwa hiyo ukipiga simu kuuliza siku, ukaambiwa subiri wazee wakamilishe hesabu, usikasirike. Hesabu hiyo ni kongwe kuliko ratiba yako ya likizo.

Sasa toka mjini Zanzibar siku moja kabla. Makunduchi iko ncha ya kusini-mashariki ya Unguja, na njia inapita katikati ya msitu wa Jozani, ambako kima punju huvuka barabara bila ya haraka. Lakini kituo chako cha kwanza ni Kizimkazi Dimbani. Utawakuta wageni wamejazana ufukweni kusubiri boti za kwenda kuwaangalia pomboo. Waache waende. Pomboo wapo katika bahari nyingi. Msikiti wa Kizimkazi uko hapa tu.

Ukiuona kwa nje utadhani umepotea njia. Ni jengo la kawaida lenye paa la bati, nalo huswaliwa mpaka leo. Nimemsikia mtu akisema pale pale mlangoni, "Ndiyo huu tu?" Akarudi garini bila ya kuvua viatu. Wewe vua, mwombe ruhusa anayeuangalia msikiti, subiri kama watu wanaswali, na mwanamke ajitande kanga. Ukiingia, nenda mpaka ukuta wa kibla usimame karibu. Hapo kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa juu ya jiwe la matumbawe: herufi ndefu zilizonyooka, na ncha zake zimesukwa zikachanua mithili ya majani. Jiwe la namna hiyo hutolewa baharini likachongwa lingali bichi, kwani likikauka huwa gumu. Maana yake mchongaji alikuwa na siku zake za kuhesabu, na katika siku hizo hakuna mkwaruzo mmoja aliouharakisha. Maandishi yanasema msikiti uliamriwa kujengwa katika Mfungo Pili wa mwaka 500 Hijria. Hiyo ni katikati ya mwaka 1107.

Simama kidogo na mwaka huo. Ilibaki karibu miaka 400 kabla Vasco da Gama hajaiona pwani hii. Msikiti ulijengwa upya katika karne ya 18, lakini maandishi yakahifadhiwa, na waliosali mbele yake wamepokezana. Mji Mkongwe, kwa majumba yake mengi ya karne ya 19, ni mjukuu kwa Kizimkazi. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu watoto wetu wengi wa shule hufundishwa Unguja kana kwamba ilianza siku Sultani Seyyid Said aliposhusha nanga.

Siku ya Mwaka yenyewe, fika Makunduchi mapema ukaamkie watu. Shikamoo kwa kila mzee, hata usiyemjua. Tega sikio pia, kwani wenyeji wana lahaja yao, Kikae, na hilo neno kogwa ndilo kuoga: kuoga mwaka, kuuosha uliokwisha ili uingie katika mpya ukiwa safi. Usimsahihishe mtu Kiswahili hapa. Nimewahi kumwona kijana mmoja kutoka bara akimwambia bibi kuwa "kogwa" ni kosa la tahajia, nikatamani ardhi inimeze kwa niaba yake.

Kisha uwanjani. Wanaume wa pande mbili za mji, Kusini na Kaskazini, wanapigana kwa migomba. Ukiwa mbali utaona vumbi na vicheko. Ukisogea utasikia mlio wenyewe: mgomba mbichi ukitua mgongoni hulia kama nguo iliyolowa ikipigwa juu ya jiwe, na maji yake hurushwa mpaka kwa watazamaji. Baadhi ya wapiganaji wamevaa makoti juu ya makoti, na wanayo haki. Usiyaite mapigano haya mchezo wa kuigiza. Mtu aliyekuwa na kinyongo na jirani yake mwaka mzima, kwa mpaka wa shamba au kwa neno lililosemwa harusini, leo anakitoa mbele ya kadamnasi, kwa silaha isiyoweza kuvunja mfupa, kisha wanakwenda kula pamoja. Nimeyajua mabaraza ya usuluhishi yaliyochukua miaka na hayakufika hapo. Kama hutaki kurushiwa maji ya mgomba, simama nyuma. Kama umealikwa kuingia, vua saa.

Wakati huo wanawake wamevaa walichokuwa wakikiweka kwa ajili ya siku hii, wanazunguka wakiimba. Wageni wengi huwapa mgongo kwa sababu kamera imeelekea kwenye mapigano. Ni hasara kubwa. Mambo ya mwaka mzima yamo katika nyimbo hizo, ya mapenzi na ya mafumbo, na aliyekusudiwa hujijua. Mwombe mwenyeji akufasirie. Na usipige picha ya uso wa mtu kabla hujamwomba.

Baadaye kibanda cha makuti huwashwa moto, na aliyekuwa ndani hutoka mbio. Wazee huangalia moshi unaelekea wapi wapate kuubashiri mwaka. Hapo ndipo madereva wanapoanza kupiga honi na wenye haraka wanapokimbilia magari yao, wakiamini wameiona sherehe. Wameuona moshi. Sherehe ni siku 4, ngoma bado hazijapigwa, na sufuria ndiyo kwanza zinaepuliwa.

Kwa hiyo wewe baki. Usiende mikono mitupu, chukua sukari au mchele. Pita taratibu katikati ya nyumba, na mtu atakuita kutoka barazani: "Karibu." Siku nyingine zote Unguja, adabu ya mpita njia ni kujibu "Starehe" na kuendelea na safari yake. Leo usijibu hivyo. Vua viatu, nawa, kaa mkekani, na pweza wa nazi akiletwa usiseme umeshiba.