Baba Mkwe na Taa za Baa

Tangu mwaka 2022, Kasulu na Kibondo zilipounganishwa na gridi ya Taifa na yale majenereta ya dizeli yakazimwa, ugonjwa mpya umeingia Buha: dari ya gipsamu. Zamani mtu akijenga alisifiwa bati. Siku hizi bati hakuna anayelitazama. Mgeni akiingia anainua shingo kama kuku anayemeza maji, ahesabu dari ina ngazi ngapi na taa zimefichwa wapi.

Shemeji yangu wa Kibondo hakukubali kupitwa. Dari ya sebule yake ina ngazi tatu, na ndani yake umelazwa mkanda wa taa unaobadili rangi kwa rimoti. Siku aliyotualika kula, rimoti ilikuwa mikononi mwa mwanawe wa chekechea. Ugali wa muhogo uliletwa mweupe, tukaunawia ukiwa wa kijani. Migebuka ilipogeuka zambarau, baba mkwe, mzee aliyekula maisha yake yote kwa koroboi bila kulalamika, alirudisha tonge sahanini akauliza kwa upole: "Mwanangu, hapa ni nyumbani, au umetuleta baa?"

Shemeji alicheka peke yake.

Fedha zote ziliishia sebuleni. Jikoni kuna balbu moja katikati ya dari, na meza ya kukatia iko ukutani, kwa hiyo mpishi anaipa taa mgongo na kukata vitunguu ndani ya kivuli chake mwenyewe. Dada anayepika ameegemeza simu kwenye kopo la chumvi, tochi ikiwaka, katika nyumba yenye umeme wa gridi! Mafundi wetu wana imani hiyo: chumba kiwe ukumbi au kiwe choo, balbu ni katikati, basi.

Swichi nazo zina vituko vyake. Mlango wa chumba cha wageni unafungukia ndani na kuifunika swichi. Ukitaka taa, sharti uingie gizani, ufunge mlango nyuma yako, ndipo uanze kupapasa ukuta. Nilishika taulo, nikashika msumari, nikashika kitu cha baridi ambacho mpaka leo hakuna aliyeniambia ni nini.

Barazani shemeji alifunga taa ya ulinzi, nyeupe ya kuumiza macho. Wadudu wa usiku huvutwa zaidi na mwanga mweupe wenye ubuluu kuliko wa manjano, na mvua za kwanza zilipokatika, kumbikumbi wa mtaa mzima walihamia kwa shemeji. Watoto wa majirani walifika na ndoo, wakazoa, wakaaga kwa adabu. Yeye alibaki na mbawa: kwenye makochi, kwenye mchuzi, na juu kabisa ndani ya mkanda wa taa, pasipofikika bila ngazi. Kumbikumbi wa kukaanga hakuletewa hata kisahani.

Ewe unayejenga, soma boksi la balbu kabla ya kulipa. Wati ni ulaji wa Luku tu. Mwanga wenyewe ni lumeni. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa karibu lumeni 800, sawa na ile ya zamani ya wati 60. Kisha tazama kelvini: 2,700 hadi 3,000 ni manjano ya kupumzisha, inafaa chumbani, sebuleni na barazani, 4,000 inafaa jikoni, 6,500 waachie wenye maduka ya dawa.

Na kabla fundi wa wayaringi hajaanza kutindua, ingia na kipande cha mkaa. Simama utakaposimama kupika, keti utakapoketi kusoma, uchore alama hapo. Swichi idai upande wa kitasa, usikubali maelezo. Ukisubiri mpaka rangi ipakwe, utalipa kutindua, plasta na rangi upya. Shemeji ameshatajiwa bei hiyo. Amenunua tochi.