Wati Elfu Kumi za Luthuli

Barabara ya Luthuli, katikati ya Nairobi, ina jina la Albert Luthuli, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1960. Huko ndiko tunakonunulia ugomvi na majirani.

"Bosi, hii ni wati elfu kumi," muuzaji wa seti ya spika za sinema ya nyumbani anaapa. Plagi ya seti hiyo ni ya ampea 13. Kwa volti 240, hata ikamuliwe vipi haitoi zaidi ya wati 3,120. Nyingine labda zinatoka mbinguni.

Mzigo ukifika nyumbani mtaani Kangemi, spika za nyuma zinatakiwa zikae ubavuni, nyuma kidogo ya msikilizaji, juu kidogo ya masikio. Nyuma gani? Kochi limegusa ukuta, na mwenye nyumba hataki kusikia drili. Tundu moja, depoziti kwaheri. Basi spika zote tano zinapangwa juu ya kabati la televisheni kama wanafunzi gwarideni, na helikopta ya sinema inapita mbele tu, haizunguki.

Ndugu yangu, nunua mbili nzuri, uziweke kwenye stendi. Na saa nne usiku punguza besi, mtoto wa jirani ana mtihani kesho.