Nyumba Ambayo Hakuna Aliyewahi Kuishi

Songambele,
Wilaya ya Kyerwa,
Mkoa wa Kagera.

Mheshimiwa Mtunza Majalada,
Ofisi ambayo kwa heshima siitaji,
Bukoba.

YAH: OMBI LA KUJULISHWA WAKAZI WA ZAMANI WA NYUMBA MOJA MJINI BUKOBA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nikupongeze. Katika nchi ambayo siri hailali hata usiku mmoja, ofisi yako imeweza kuificha nyumba nzima katikati ya mji, mchana kweupe. Wapita njia wanaiona, mbuzi wanaiona, wewe mwenyewe unapita mbele yake ukienda kunywa chai. Jalada lake tu ndilo halijawahi kuiona.

Nyumba yenyewe ni ya duka: baraza mbele, vyumba katikati, uani jiko na chumba cha mtumishi. Katika chumba hicho cha uani, kwa maelezo ya wazee wetu, ndimo alimoishi babu yangu akimpikia Mhindi mwenye duka, kabla hajarudi Songambele kushika jembe na kupanda kahawa. Nisingekusumbua kwa habari za mpishi, lakini ofisi nyingine, ambayo nayo siitaji, imenitaka nithibitishe kwamba babu huyo aliishi Tanzania.

Unajua sisi wa Kyerwa tuna kosa la kuzaliwa nalo: tuko mpakani. Uganda ile pale, Rwanda ile pale. Mtu wa huku akiomba karatasi huulizwa babu yake alizaliwa wapi, aliishi wapi na nani alimwona. Mwaka 2013, Operesheni Kimbunga ilipopita Kagera, Geita na Kigoma kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali, ilizoa hata waliokaa huku miongo mingi. Tokea hapo tumeelewa kwamba asiye na karatasi ni mgeni hata mgombani alipozikwa baba yake.

Basi nikaja dirishani kwako. Nikaambiwa jalada halionekani. Niliporudi, likawa limepelekwa juu. Niliporudi tena, mtandao ulikuwa chini. Nilishangaa kidogo, maana jalada ninalolitafuta ni la karatasi na kamba, lakini nikanyamaza, kwa kuwa mwenye shida hafundishi kazi.

Naomba sasa nikusaidie kukumbuka. Aprili 1971 Serikali ilitunga sheria ya kutwaa majumba. Nyumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ikawa mali ya umma, chini ya Msajili wa Majumba, na hii ya Mhindi wetu ikiwemo. Nyumba iliyokwisha kutimiza miaka kumi haikulipiwa fidia. Hapo ndipo nampenda mtumishi wa siku zile. Ili amnyime mtu fidia, ilibidi ajue nyumba imejengwa lini. Ili aitwae, ilibidi ajue bei yake na mpangaji wake. Siku ya kuchukua, Serikali ilikuwa na macho manne.

Mwaka 1990 kazi za Msajili zikaingizwa katika Shirika la Nyumba la Taifa. Simlaumu Msajili, wala silaumu Shirika. Nasema tu kwamba nchini mwetu majalada huhama kuliko watu, na hayaulizwi babu zao walizaliwa wapi. Wenye majumba nao walihama, wengi wakaenda Uingereza na Kanada. Wajukuu wao wakija Bukoba hupiga picha mlango, kwa sababu mlango ndio kumbukumbu pekee isiyohitaji kibali.

Usidhani nimekaa tu nikikusubiri. Nimemuuliza fundi cherehani wa barazani. Anasema baada ya Mhindi alikuja bwana shamba, kisha nesi. Oktoba 1978, ndege za Idi Amin zilipodondosha mabomu Bukoba, nesi aliondoka na watoto wake na sufuria moja. Vita ilipokwisha akarudi na watoto wale wale na sufuria ile ile. Nikamuuliza jina la nesi. Akasema, "Mama Kokushubira." Jina lake mwenyewe? "Sasa hilo nani alilihitaji?" Kumbukumbu za fundi zina watu wasio na namba. Zako zina namba za viwanja visivyo na watu.

Nimeuliza pia habari za balozi wa nyumba kumi. Enzi za TANU balozi alikuwa na daftari, na shemeji akija kulala siku mbili, aliandikwa. Daftari hilo lilijua aliyekuja na kuku na aliyekuja mikono mitupu. Leo hakuna ajuaye lilipo, na wengine wanahofia liliishia kufungia karanga.

Kanisa ndilo lililonifaa kidogo. Mapadri Weupe walifungua misheni Kashozi mwaka 1892, wakaanza kuandika majina kwenye vitabu vya ubatizo, na desturi hiyo haikukoma. Nimemkuta babu: jina lake, la wazazi wake na la msimamizi wake. Anwani haimo, kwa sababu Mungu hahitaji namba ya kiwanja. Ofisi ile nyingine inaihitaji.

Wala usiniambie kwamba habari za zamani hazihifadhiki katika mkoa wetu. Mwaka 1861 Waingereza wawili, John Speke na James Grant, walifika Karagwe kwa Mukama, yaani mfalme, Rumanyika. Tunajua Grant aliachwa huko miezi kadhaa akiuguza mguu, mwenzake akitangulia Buganda. Tunajua hata kwamba Speke alimpima shemeji wa Mukama kwa utepe, mkono, kifua na paja, kwa jinsi unene wake ulivyomshangaza. Kwa hiyo Karagwe ya 1861 mgeni mwenye mguu mbovu ana kumbukumbu, na Bukoba ya 1985 mpangaji mwenye risiti hana.

Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilipoupiga mji, nyufa za majumba zilikaguliwa ukuta kwa ukuta. Nilifurahi kuona kwamba bado tunajua kuhesabu.

Kutokana na hayo, naomba moja kati ya haya:

(a) Kama jalada lipo, nipewe nakala ya ukurasa mmoja tu, wenye majina ya waliokuwa wakiishi humo, wakiwemo wa chumba cha uani.

(b) Kama halipo, nipewe barua yenye muhuri kwamba nyumba hiyo haijawahi kukaliwa na mtu. Kisha uwaeleze wakaguzi kodi ya pango ya miaka yote hiyo ililipwa na nani.

(c) Kama yote mawili ni magumu, wewe na ile ofisi nyingine mbadilishane kazi kwa mwezi mmoja. Wao wanadai mwananchi akumbuke mambo ya nusu karne na zaidi bila mshahara; wewe unalipwa kuyakumbuka na umeyasahau. Wakikaa kwenye kiti chako, jalada litatafutwa kwa ukali ule wanaotutafutia sisi. Nawe ukipanga foleni kwao, utaulizwa babu yako alilala chumba gani, na nani alimwona.

Naomba kuwasilisha.

Raia mtiifu, mpaka itakapothibitishwa vinginevyo,

Mjukuu wa Mpishi

Nakala:
Mwenyekiti wa kitongoji, Songambele: tafadhali thibitisha kwamba nipo.
Mchwa wa masjala: kwa hatua zenu, kama hamjamaliza.