Nilifunga Mbuzi, Nikasahau Cherehani

Ilikuwa cherehani ya mkono, nyeusi, mpini wake uliolainika kwa kushikwa miaka mingi na mavyaa. Alinipa nilipojifungua mtoto wa kwanza, akaniambia, "Mwanangu, siku mume hana, hii inacho." Ikawa kweli. Unga, karo na dawa, vyote vilipita chini ya sindano ile.

Masika ya 2018, Mto Tana ulitufikia mlangoni siku ya jua kali. Mgeni atauliza mafuriko gani yasiyo na mvua. Sisi wa delta maji yetu huanzia bara, Mlima Kenya na Aberdare, yakapita mabwawa matano, kuanzia Masinga hadi Kiambere. Masika ile Masinga lilijaa pomoni likamwagika, na kinachomwagika huko hushukia kwetu. Hatuwezi kuuchukia mto, maana matope yake ndiyo yanayoushibisha mpunga wetu.

Tulipakia mtumbwi alfajiri: watoto wawili, godoro, sufuria, gunia la mahindi, mbuzi wawili, na juu ya gunia cherehani, nimeifunika leso. Mavyaa akauliza, "Umefunga?"

Nikamjibu, "Nimefunga, mama." Nilikuwa nimefunga mbuzi.

Tulipofika juu ya shamba letu wenyewe, lililogeuka ziwa, pondo la mume wangu likakosa ardhi. Mtumbwi ukayumba, mbuzi mmoja akajitupa upande. Mkono mmoja nilimkumbatia mtoto, wa pili nikaunyoosha. Nilichokamata ni leso. Cherehani ilizama bila kishindo, yakapanda mapovu machache, kisha hata hayo yakakatika.

Mavyaa hakusema neno mpaka Minjila, pale njia panda ambapo barabara ya Hola na Garissa hukutana na ile ya Malindi na Lamu. Usiku, chini ya turubai, alichomoa sindano kwenye mtandio wake, akanipa pamoja na sare ya mtoto iliyochanika kwapani. Nikashona huku machozi yananitoka. Asubuhi jirani wa turubai la pili akaniletea shati la mumewe. Kesho yake wakaja watatu.

Maji yalipokauka, mume wangu alirudi shambani. Mimi nikabaki na sindano yangu, hadi nikapata cherehani ya miguu na kibanda kando ya lami. Tangu hapo nyumba yetu ina miguu miwili: mmoja uko kwenye mpunga, mwingine Minjila. Watoto wakiulizwa kwao, hutaja Minjila.

Majuto ni mjukuu. Mavyaa hajawahi kunikumbusha jibu nililompa alfajiri ile, na ukimya wake naubeba hadi leo. Kila mume wangu akija kutoka kulima, namnawisha mikono kwanza, kisha namuuliza kama jembe limegonga chuma.

Hunijibu kwa upole, "Bado."